Sukari ya Mama na Shanga za Maharage

Niliporudi Kismayu kutoka chuo kikuu kule Mogadishu, vita vikiwa vimeshaanza kunuka, mzigo wangu ulikuwa mdogo: nguo, vitabu viwili vya biokemia, na chupa ya shanga. Mama alinipokea mlangoni. Alinikagua uso kwanza, halafu mikono, halafu miguu, kuona kama nimerudi mzima. Alipoona sijapungua kitu, akageukia mzigo.

"Hii chupa ya nini?"

"Ni shanga, mama."

Kwetu, msichana wa umri niliokuwa nao akija nyumbani na shanga zake mwenyewe, mama yake anaelewa jambo moja tu, nalo ni la kiunoni. Uso ulimnawiri. Akafunga mlango, akakaa mkekani, akanivuta karibu.

"Nani kakupa?"

"Mwalimu wangu. Chuo kimefungwa, akaniambia nizichukue zisije zikaibiwa."

"Mwalimu wako ana mke?"

"Anaye. Na watoto."

Mama alitafakari kidogo. "Si kitu," akasema. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Ndani ya chupa mlikuwa na uji mweupe uliotulia chini, na maji safi juu yake. Mama aliitikisa chupa, uji ukapanda, ukazunguka, ukashuka polepole. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja.

"Zinatungwaje hizi?"

"Hazitungwi."

"Mtu atavaaje shanga zisizotungwa?"

Ilinichukua muda mrefu kumweleza, na sina hakika hadi leo kama nilifaulu. Shanga zile zilikuwa ndogo kuliko chembe ya mchanga. Zilitengenezwa kwa ute wa mwani, mwani kama huu wetu unaotupwa pwani kila siku na hakuna anayeugusa. Kwenye kila shanga ilifungwa protini iliyotolewa kwenye maharage fulani, jamii moja na yale yanayotambaa juu ya mchanga nyuma ya fukwe zetu, yenye maua ya zambarau na maganda magumu. Protini hiyo huitwa lektini, na kazi yake ni kushika sukari. Kwenye damu, kwenye maziwa, kwenye ute wa yai, ziko protini nyingi zilizovaa sukari kama mwanamke aliyevaa bangili. Wataalamu wanaziita glikoprotini. Ukimimina mchanganyiko juu ya shanga, protini zenye bangili zinanaswa, zisizo na bangili zinapita zake. Ukitaka kuzifungua zile ulizozinasa, unamimina maji ya sukari. Lektini inaikumbatia sukari mpya, inaiachia ya zamani, na protini yako inatoka safi, peke yake, bila majirani.

Mama alisikiliza yote hayo kwa adabu.

"Kwa hiyo," akasema, "sukari haionekani mjini, na mwanangu miaka yote hii alikuwa akisomea namna ya kuimwaga."

Nilimwomba aniwekee chupa kwenye friji yake. Friji ile ilikuwa ya mafuta ya taa, na ndiyo iliyotulisha tangu baba alipofariki, maana mama alikuwa akigandisha barafu za ukwaju na kuwauzia wapagazi wa bandarini. Alikubali. Siku iliyofuata akaifungua chupa ili anuse, kwa kuwa mama hakuwahi kuweka ndani ya friji yake kitu ambacho hajakinusa. Nilikuwa uani nafua. Nilisikia jina langu likitajwa lote, pamoja na la baba na la babu.

"Pombe! Ndani ya friji yangu! Pamoja na ukwaju!"

"Si pombe ya kunywa, mama. Ni spiriti, imewekwa kuzuia shanga zisioze."

"Kwani shanga zinaoza?"

"Hizi zinaoza. Zina maharage."

Aliifunga chupa kwenye mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, akaisukuma nyuma kabisa, akawa anapiga bismillahi kila anapofungua mlango wa friji. Barafu za ukwaju nazo akazihamishia upande wa pili, zisije zikalewa.

Vita vilipoingia mjini vilikuja kama wageni wasiojua kuondoka. Leo walitawala hawa, kesho wale, na wote walikuwa na njaa na magari ya watu. Bandari ikafungwa. Wapagazi wakatawanyika. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiwa wamevaa nguo mbili mbili. Mama akakataa kuondoka kwa sababu ya friji.

Basi asubuhi moja wakaja kuichukua. Walikuwa wanaume wanne wenye bunduki, na mkubwa wao alivaa kofia ya sufu katika joto lile la kuchemsha maji. Hawakutupiga. Walikula kwanza barafu zilizokuwamo, wamekaa kizingitini, bunduki magotini, wanafyonza ukwaju na kukunja nyuso. Mmoja aliuliza kama ziko nyingine. Kisha wakaanza kuitoa friji, na mwenye kofia akakuta furushi la mifuko ya plastiki limesukumwa nyuma. Kitu kilichofungwa kwa uangalifu namna ile, akadhani ni dhahabu. Akafungua mfuko, akafungua mwingine, akafungua wa tatu. Akanusa.

"Khamri!" akasema kwa Kisomali, akairudisha pua nyuma kama aliyeumwa na nyuki. "Hii pombe ni ya nani?"

Kabla sijajibu, mama akanyoosha kidole.

"Ya huyu!" akasema, naye kwa Kisomali. "Nilimwambia! Wallahi nilimwambia!"

Yule bwana aliwaamuru wenzake washushe friji chini. Nao wakaishusha. Akanigeukia, akaanza kunipa mawaidha. Alizungumza juu ya haya, na juu ya wasichana wanaopelekwa shule wakarudi wameharibika, na juu ya moto. Redio yetu ilikuwa kwapani mwake. Cherehani ya jirani ilikuwa garini mwake. Wenzake walisimama wakijipangusa jasho, mmoja ameegemea friji yetu, wote wanatikisa vichwa kwa masikitiko juu yangu.

"Eeddo," alimwambia mama, akimwita shangazi kwa heshima zote, "umemlea vipi huyu?"

"Nisaidie kumwambia, mwanangu," mama akajibu. "Mimi hanisikii."

Nilijaribu kusema kwamba ni maharage. "Digir," nikasema, "ni digir tu." Akaichungulia chupa, akaona uji mweupe, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayetazama aliyefikia kunywa pombe ya maharage. Kisha akainamisha chupa taratibu na kumwaga spiriti yote mchangani hadi ulipobaki uji peke yake. Chupa akanirudishia.

"Kula maharage yako," akasema. "Pombe wacha."

Wakaibeba friji, wakaenda. Mama alisimama mlangoni akilitazama gari hadi lilipokata kona. Nilidhani atalia. Akavuta pumzi.

"Amesema vizuri, lakini," akasema. "Haya, tufunge mizigo."

Tulivuka kwenda kisiwa cha Darakasi kwa boti ya binamu yake mama, tukiwa tumebanana na magodoro na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyekiri kuwa wake. Kule kisiwani aliishi shangazi yake mama, mwanamke mzee ambaye mimi nilimwita bibi. Alikuwa na nyumba ya makuti, kisima cha maji ya chumvichumvi, na kuku. Tulipofika, mama aliingia chumbani akiwa mnene, akatoka mwembamba. Sukari yote ya nyumbani alikuwa ameifunga kiunoni kwa kanga chini ya buibui, na wale mabwana wenye bunduki walimwona ni mama wa makamo aliyenenepa tu.

Mimi nilikuwa na shida ya aina nyingine. Shanga hazikuwa na spiriti wala baridi. Nilikuwa nimezifunika kwa maji ya chumvi, lakini nilijua zitaharibika upesi, na huko chuoni nilikuwa sijazitumia hata mara moja. Mwalimu alikuwa akizitumia mwenyewe, sisi tukiangalia kwa mbali. Nilikaa mlangoni mwa bibi na chupa mapajani. Mji wetu ulikuwa umekwenda, kazi yangu ilikuwa imekwenda, na kitu pekee nilichojua kufanya duniani kilikuwa kinaanza kutoa harufu. Ndipo kuku wa bibi alipopita mbele yangu.

Ute wa yai umejaa protini zilizovaa sukari.

"Bibi," nikasema, "naomba yai."

"La kuchemsha au la kukaanga?"

"La kuchuja."

Bibi alikuwa mtu aliyechoshwa na utulivu wa kisiwa kwa miaka mingi. Alinipa yai kwa sharti kwamba kazi ifanyike mbele yake, akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akakikalia. Kwenye furushi langu nilikuwa na bomba la sindano nililonunua dukani Kismayu. Nilitoa sindano, nikaziba tundu kwa pamba, nikamimina shanga juu yake, zikatuama kama sagu. Nikachanganya maji ya bahari na ya kisima, nikazioshea shanga. Ute wa yai nikauzimua kwa maji yale yale, nikauchuja kwa ukingo wa kanga hadi yale makamasi yakabaki kitambaani, nikaanza kumimina ndani ya bomba. Tone, tone, tone, likiingia kwenye kikombe.

Nilichukua matone yale ya mwanzo, nikayatia kwenye chupa ndogo, nikatikisa. Povu likapanda.

"Hilo povu ni protini zinazopita," nikamweleza bibi. "Zisizo na bangili, na zile zilizokosa nafasi. Sasa naosha."

Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikawa natikisa kila kikombe. Povu likapungua, likawa duara dogo ukingoni, halafu likaisha kabisa. Maji yakawa maji.

"Limekwisha yai," bibi akasema.

"Halijaisha. Liko humu." Nikagonga bomba. "Limeshikwa."

Bibi alisogeza kibao. Akalitazama lile bomba kwa heshima mpya. Wanawake wawili wa nyumba ya jirani, waliokuja kuazima kinu, wakakaa nao. Nikaona nimebakiwa na hatua moja tu, na hatua hiyo ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya chumba, na mama ameikalia.

Huko maabara hutumika sukari maalumu ya bei kali, lakini sukari ya chai ni ya ukoo ule ule. Haina nguvu sana. Kwa hiyo inatakiwa nyingi.

"Mama," nikasema nikiwa kizingitini, "naomba sukari."

"Ya chai?"

"Ya shanga."

Sukari ile aliivusha mbele ya bunduki nne. Jioni tulikuwa tukinywa chai ambayo sukari ilipewa kila mtu kwa ncha ya kijiko, na bibi, aliyekuwa mwenye nyumba, alipewa ncha mbili.

"Kiasi gani?"

"Vijiko vitano. Vya kujaa."

"Vijiko vitano mtie kwenye bomba la sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Yai mmelitia, halionekani. Sasa mwataka na sukari isionekane."

Bibi akaingilia kutoka nje kwa sauti. "Mpe! Yai langu limo mle ndani! Nataka yai langu litoke!"

Mama alitoka na sukari yake mkononi, uso wa mtu anayekwenda kulipa fidia. Alipima mwenyewe, na kila kijiko akakifuta juu kwa kidole ili kisijae. Nikakoroga na maji ya chumvi, nikamimina. Matone ya kwanza nikatikisa: hakuna kitu. Mama akaguna. Matone yaliyofuata: hakuna. Mama akaanza kufunga kitambaa. Matone yaliyofuata nikatikisa, na povu likapanda, jeupe, zito, likakaa juu wala halikushuka.

Wale wanawake wa jirani walipiga kelele. Mmoja akapiga kigelegele, nadhani bila kukusudia. Bibi akanyakua chupa akaitikisa mwenyewe, akatikisa tena na tena.

"Mwongo huyu," mama akasema, lakini alikuwa ameshachutama. "Hilo ni povu la sukari."

Hoja ilikuwa nzuri, na niliiogopa tangu mwanzo, kwa sababu nilijua jibu lake. "Basi itanibidi nitikise sukari peke yake," nikasema, "ambayo haikupita kwenye shanga. Tulinganishe."

"Sukari nyingine?"

"Kijiko kimoja."

"Uitikise, halafu?"

"Halafu basi."

Mama alitazama juu kwenye makuti. Kisha akatoa kijiko kimoja. Nikakoroga kwenye maji ya chumvi, nikatikisa mbele yao wote. Hakuna povu. Maji ya sukari yalitulia kimya kama hayajawahi kusumbuliwa. Mama akayachukua, akayaonja ili kuhakikisha ni sukari yake, akatema chumvi. Akachukua ile chupa ya povu. Akaiweka sambamba na hii, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Kumbe limo kweli," akasema taratibu.

Nilitaka kusema jambo la kisomi hapo, nikashindwa, maana nilikuwa nacheka, na mama alikuwa anacheka, na bibi alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la jirani akicheka bila meno. Hatukuwa tumecheka tangu friji ilipokata kona. Na nilikuwa nimesafisha glikoprotini, mimi mwenyewe, nimekaa mchangani, na mbuzi asiye na mwenyewe anatafuna ukili wa mkeka wangu.

Mama hakuwa mtu wa kuiacha sukari ipotee. Wakati nawaza namna ya kukausha protini yangu niihifadhi, alikuwa ameshaimimina kwenye unga, na yale maji ya kulinganisha akayatia pia, akasonga, akakaanga kwa mafuta ya nazi. Ilitoka kama chapati nene ya maji. Protini safi kabisa katika pwani nzima ya Somalia ililiwa na wanawake watano kabla ya adhuhuri.

"Chumvi nyingi," bibi akasema, akinyoosha mkono kwa kipande cha pili.

Shanga hazikudumu. Zilianza kunuka siku chache baadaye, na bibi akaniamuru nizifukie mbali na kisima. Nasi hatukudumu. Bunduki zilivuka maji zikafika na visiwani, zikachukua mashine za boti na nyavu, zikamchukua hata kuku. Safari hii hakukuwa na mawaidha, na mwanamume mmoja aliyejaribu kuushikilia wavu wake alipigwa mbele ya wanawe. Bibi aliyesema hatatoka Darakasi ila kwa jeneza alitoka akiwa amebebwa mgongoni na binamu yake mama, anamwelekeza njia.

Tulisubiri Burgao, pwani ya bara, watu wengi tukiwa tumekaa mchangani na masufuria yetu, hadi itakapopatikana boti ya kutuvusha upande wa Kenya. Kungoja kulikuwa kurefu, na mama akapata wasikilizaji. Kila nilipopita karibu na kundi la wanawake nilisikia habari zangu zikikua. Kwanza nilitoa yai kwenye maji. Kisha nilitoa sukari kwenye yai. Asubuhi moja akaja mwanamke mmoja mwenye heshima zake, amemshika mkono mumewe, mzee mrefu mwenye macho ya wasiwasi.

"Mwanangu," akasema, "mama yako anasema una kitu cha kushika sukari."

"Nilikuwa nacho, mama."

"Huyu mume wangu ana sukari. Dawa zimebaki Kismayu. Tafadhali, mshikie."

Nilikaa nao chini. Nilieleza kwamba shanga zimezikwa Darakasi, na hata zingekuwapo, hazina uwezo wa kuondoa sukari iliyo kwenye damu ya mtu. Mwanamke yule alisikitika sana. Mzee, kinyume chake, alinyooka mgongo na rangi ikamrudia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilivyosikia kuna bomba la sindano, nikajiuliza nitapitaje."

Sikuwa daktari, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimuuliza anakunywaje chai, akanitajia vijiko vyake, na mkewe akatazama pembeni. Tukakubaliana aiache sukari hadi tufike penye hospitali, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini, nikapewa kazi ya kukaa karibu naye kila chai inapopikwa. Tulizungumza sana. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi, na alitaka kujua kila kitu: kwa nini mwani, kwa nini maharage, nani aliyegundua kwanza. Ndani ya boti, bahari ilipochafuka na watu wanasoma dua kwa sauti, alinivuta mkono wa buibui akaniuliza kama lektini inachoka.

"Inachoka," nikamjibu, nimekumbatia ndoo.

"Baada ya muda gani?"

Tulifika Mombasa, wakatuweka kambini, na mzee akapata dawa zake. Alikuwa na mwana aliyetangulia huko, fundi wa redio, mtu mkimya aliyekuja kuwatafuta wazazi wake akiwa na mkungu wa ndizi begani. Mzee alimketisha mbele yangu, akamwambia, "Muulize huyu juu ya shanga." Akauliza. Nilizungumza mchana mzima, hakunikatiza, na nilipomaliza akauliza swali ambalo lilionyesha kwamba hakuwa ameelewa hata neno moja, ila alikuwa amesikiliza yote.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeoana na watoto wakiwa wakubwa, nilimuuliza ni nini hasa alichofikiri siku ile. Alikuwa amefungua redio ya mtu mezani, ana skrubu mdomoni. Akaitoa.

"Nilifikiri unauza vito," akasema. "Nikawa naogopa kukuuliza bei."